Mkwe Aliyekumbatiwa Uwanjani

Kama kuna jambo ambalo Nangila hakuwahi kulitilia shaka, ni kwamba angeolewa na Muchiri. Alilijua tangu siku ile alipoingia dukani kwake katika soko la Kibuye, Kisumu, kutafuta godoro dogo, akatoka bila godoro ila na namba ya simu ya mwenye duka. Shangazi Nanyama alipinga, akapumzika, akapinga tena. Nangila alimsikiliza kwa adabu, akamaliza chai yake, kisha akaendelea kuchagua rangi za mapazia ya nyumba ambayo yeye na Muchiri walikuwa hawajaipata bado. Msichana akipenda na akajua kwamba amependwa, maneno ya shangazi ni mvua juu ya bati. Kelele nyingi, ndani hakulowi.

Lakini Jumapili hiyo, mchezo wa mpira wa vikapu ukiwa umebakiza sekunde za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, hata Nangila alishika kichwa.

"Dorca," alimwambia rafiki yake, akipaza sauti juu ya ngoma, "hebu niambie yule si mama yangu."

"Ni mama yako."

"Na huyo mwanaume amembeba mama yangu?"

Dorca alikinga macho kwa kiganja, akatazama ng'ambo ya uwanja, upande wa benchi la wageni. Kisha akaachia ngoma.

"Manze, hajambeba. Mama ndiye amembeba yeye. Na huyo ni Muchiri wako."

Ilikuwa kweli tupu. Mama Beldina, mama yake Nangila, mwanamke wa kimo na mabega ya kukatia miwa, alikuwa amemkumbatia Muchiri kifua kwa kifua, amemnyanyua mpaka viatu vyake vikaacha saruji, na alikuwa anazunguka naye. Muchiri naye hakuwa anapinga. Alikuwa amefumba macho na mikono yake imeuzunguka mgongo wa mama wa watu kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari ndefu.

Mwingine angecheka. Nangila hakucheka, na sababu ni hii. Kwao, Wabukusu wa Bungoma waliohamia Muhoroni kufuata kazi ya miwa, mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mikono, hawaketi pamoja, hawasemezani ila kupitia mtu mwingine, wakikutana njiani mmoja hupinda kando akampisha mwenzake. Si uadui hata kidogo. Ni heshima, na ukoo wao unaweza kusamehe mengi lakini si kuivunja hiyo. Shangazi Nanyama, dada mkubwa wa baba yake, ndiye anayepokea wageni wa mahari, na alikuwa ameshatoa neno lake mbele ya wote: "Huyo kijana wa watu wa mlimani si wa kabila letu, hajui desturi zetu. Siku akivunja moja tu, mimi sitoki kwangu kumpokea."

"Desturi hufundishwa," Mama Beldina alikuwa amemjibu, na hapo ndipo ikakubaliwa kwamba Jumamosi inayofuata Muchiri aje Muhoroni na wazee wake.

Kwa hiyo mama alikuwa upande wao. Alikuwa amemtetea kijana ambaye hajawahi kumwona, maana hata picha aliikataa. "Mkwe hatazamwi kwa simu," alisema, akisukuma simu ya Nangila kando. "Nitamwona akija na wazee, tena kwa mbali." Na Nangila, alipojua kwamba mama yake angepanda gari kutoka Muhoroni kuja kuwashangilia Tai wa Winam, timu ya wasichana ya Kisumu, alimwambia Muchiri neno moja tu: "Mama atakuwepo. Kaa mbali naye." Hakumweleza kwa nini. Kwake lilikuwa jambo ambalo kila mtu analijua, kama kuvua kofia kanisani. Hata kama ukoo wake ni wa mlimani, Muchiri alizaliwa na kukulia hapa hapa Kisumu, ala! Angekosaje kujua?

Hakujua. Alielewa tu kwamba mama ni mkali.

Na angemtambuaje? Picha aliyoonyeshwa ilikuwa ya mama wa kanisa aliyevaa kitenge na kilemba. Mama aliyekuwa uwanjani leo amevaa jezi ya Tai iliyopauka, kofia ya kukinga jua, na mashavu yote mawili ameyapaka rangi ya buluu. Ujanani aliichezea timu ya kiwandani, na mpira wa vikapu haukuwahi kumtoka damuni. Ngoma hazipendi, anasema zinamzuia kusikia mpira ukidunda. Yeye huketi nyuma ya benchi la wapinzani makusudi, ili kocha wao asikie kila anachosema. Muchiri alifika amechelewa, akitoka Awasi kupeleka magodoro, akaona nafasi moja imebaki pembeni ya mama mmoja mwenye kelele. Akaketi.

Kufikia robo ya mwisho walikuwa wanakula karanga kutoka pakiti moja.

Basi Kageha, nahodha wa Tai, akampokonya msichana wa Nakuru mpira katikati ya uwanja, akakimbia nao peke yake, akautia kikapuni. Tai hamsini na saba, Nakuru hamsini na sita. Uwanja ukapasuka. Hapo ndipo Mama Beldina alipomnyanyua aliyekuwa karibu naye, na aliyekuwa karibu naye ni mtu ambaye hakupaswa kumgusa hata ukucha.

Waswahili walisema usikate mbeleko mwana hajazaliwa. Mama bado anazunguka na furushi lake, Nakuru wakauingiza mpira haraka. Msichana wao mmoja mwembamba akapenya, akapenya tena, king'ora kikalia, na mpira ukawa juu. Ukagonga ubao. Ukazunguka kwenye ukingo wa kikapu taratibu, kama unaotafakari. Ukadondoka ndani.

Refa akaonyesha vidole viwili. Hamsini na nane kwa hamsini na saba.

Mama Beldina alimshusha Muchiri. Alitazama ubao wa alama, akamtazama refa, akautazama tena ubao kana kwamba ungeona haya na kujirekebisha. Halafu, mbele ya macho ya Nangila na ya Kisumu nzima, alikiweka kichwa chake kwenye kifua cha Muchiri akalia. Muchiri akampapasa mgongo polepole. Watu wawili watatu waliinua simu zao wakapiga picha.

"Shangazi ataiona hiyo kabla ya chakula cha jioni," alisema Dorca.

"Nyamaza, Dorca," alisema Nangila, na akaanza kuuvuka uwanja.

Alipofika, kilio kilikuwa kimekwisha na hasira imeingia. Mama Beldina alikuwa ameshika kiwiko cha Muchiri, anachora hewani kwa mkono mwingine.

"Hiyo mpira ilikuwa kwa mkono! King'ora imelia, mpira bado iko kwa mkono! Kijana, si uliona?"

"Niliona, Mama. Ilikuwa bado kwa vidole."

"Kwa vidole! Mnasikia? Huyu ako na macho. Refa ako na miwani na haoni kitu." Kageha alikuwa anapita ameinamisha uso, taulo kichwani. Mama akamvuta. "Wewe, kichwa juu! Nani amekwambia umeshindwa? Umeibiwa. Kuibiwa si kushindwa. Hiyo ya marudiano tunaenda huko kwao Nakuru, tutawanyoa bila maji. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama," alisema Kageha, na akacheka kwa machozi.

Muchiri alimwona Nangila akija, uso wake ukafunguka. Hilo ndilo lililomuumiza Nangila. Kwamba katikati ya balaa lote hilo, mwanaume huyu akimwona yeye hawezi kuuficha uso wake. Shati lake jeupe lilikuwa na alama ya shavu la buluu pale pale juu ya moyo. Nangila alitamani kumkimbilia na kumpiga kofi, yote kwa pamoja.

"Nangila, kuja umwone huyu," alisema mama, bado ameshika kiwiko. "Tumekaa pamoja mchezo mzima. Anajua mpira huyu, si kama nyinyi wa ngoma. Amenipa karanga, amenipa kitambaa chake nikapanguza macho. Ningekuwa na msichana mwingine wa kuoza, ningemwoza kwa huyu leo leo." Akacheka, akamgeukia. "Na hata sijakuuliza. Unaitwa nani, mwanangu?"

Nangila alifungua mdomo. Hakuwahi.

"Muchiri, Mama."

Kicheko cha mama kilikatika.

"Muchiri yupi?"

"Wa magodoro. Pale Kibuye." Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli na hakujua alikuwa anabomoa nini, akatabasamu: "Nilikuwa nije Jumamosi. Ndiyo wewe Mama Nangila? Sikukutambua na hiyo rangi."

Mama Beldina aliachia kile kiwiko kana kwamba kimemuunguza. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, mpaka akagonga benchi. Akauvuta ukingo wa kofia ukafunika macho.

"Wele wange," alisema kwa Kibukusu. Mungu wangu. "Nimemkumbatia mkwe. Nangila, nimemkumbatia mkwe! Tena nimembeba!"

"Mama, tulia kwanza."

"Nitulie aje? Nimemlilia kwa kifua! Watu wako na picha!"

Muchiri aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nimekosea wapi?"

"Nilikwambia ukae mbali naye," Nangila alimwambia kwa meno yaliyobana.

"Ulisema nikae mbali. Hukusema ni sheria. Mimi nilidhani ni mkali tu."

"Na ni mkali!"

"Hajakuwa mkali na mimi hata kidogo."

"Ndiyo hiyo shida, Muchiri!" Nangila alishusha sauti. "Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Hata mkono. Mpaka kufa. Shangazi alisema ukivunja desturi moja hatakupokea, na wewe umeenda kuvunja ile kubwa, mbele ya watu wote wa Kisumu."

Ilimwingia. Nangila aliona ikimwingia, kidogo kidogo, na rangi ikimtoka usoni. Hakujitetea tena. Alimgeukia mama, na kwa mara ya kwanza akafanya jambo sahihi bila kufundishwa: akainamisha macho.

"Basi imekwisha," alisema Mama Beldina kutoka chini ya kofia. "Nangila, huyu hawezi tena. Mwambie asisumbue wazee wake."

Hapo ndipo Nangila alipopumua. Watu wengi hushindwa kwa sababu wanaogopa kelele, na yeye alilelewa na mwanamke ambaye amewahi kumfukuza refa mpaka kwenye gari lake. Akapanga maneno yake.

"Mama. Tai wakipasha misuli kabla ya mchezo, Kageha akifunga vikapu kumi, zinahesabiwa?"

"Unaniuliza nini sasa?"

"Zinahesabiwa ama hazihesabiwi?"

"Hiyo ni mazoezi. Hazihesabiwi."

"Kwa nini?"

"Si refa hajarusha mpira!"

"Eeh. Na Jumamosi ndiyo refa anarusha mpira. Leo wazee hawajaja. Hakuna ng'ombe ametajwa. Baba hajasema ndiyo. Leo huyu ni shabiki wa Tai aliyekaa karibu na shabiki mwenzake. Hujamgusa mkwe, Mama. Ulimgusa Muchiri."

Mama Beldina aliinua kofia kidogo. Nangila aliijua ile sura. Ni sura ya mama akiona kosa limepigiwa filimbi dhidi ya timu yake, na ndani ya roho anajua kwamba ni kosa kweli.

"Usinifundishe mpira," alisema.

"Ni wewe ulinifundisha."

"Najua ni mimi!" Mama aliketi kwenye benchi, uzito wote mara moja, na sauti yake ikabadilika. "Kwa sheria umenishinda. Nanyama mwenyewe nitamshinda na hiyo. Lakini si sheria inanisumbua, Nangila. Mimi nimelia pale kama mtoto. Baba yako mwenyewe hajaniona nikilia hivyo. Sasa mtu ameshaniona hivyo, Jumamosi aje, mimi nijifiche kwa chumba nijifanye simjui? Nikikutana naye sokoni nipinde njia? Roho yangu ilishamchukua. Nilisema mwanangu, na nilikuwa namaanisha. Na mwanangu hawezi kuoa msichana wangu."

Nangila alikuwa amejiandaa kushindana na desturi, na sasa alikuwa anashindana na upendo. Akamtazama Muchiri, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya godoro, akaogopa.

Muchiri hakuinua macho. Alisema taratibu, akiitazama saruji.

"Mama, naomba niseme kidogo. Mama yangu aliaga dunia nikiwa kidato cha pili. Shangazi Waceke akanilea, na akanilea vizuri, lakini si mtu wa kukumbatia. Yeye akikupenda anakuongezea nyama. Leo uliponibeba sikujua ni nani amenibeba. Nilijua tu kwamba sitaki uniweke chini. Hata Tai wakifunga, hata wakifungwa. Kwa hivyo usifikiri nitakaa mbali na wewe kwa urahisi. Itaniuma. Lakini kama ni heshima yenu, na kama kumpata Nangila ni lazima nisikuguse tena, basi ya leo imenitosha. Nitakaa nayo. Mimi namtaka Nangila, Mama. Nikiambiwa nipinde njia, nitapinda. Ila nikipinda ujue nimekuona."

Nangila alisahau kwamba walikuwa uwanjani. Alisahau Dorca, alisahau shangazi, akasahau hata ile alama moja iliyowashinda. Alikuwa amempenda mwanaume huyu kwa kicheko chake, kwa mikono yake, kwa namna anavyolitaja jina lake bila haraka. Sasa alimpenda kwa jambo zito zaidi, na alijua hatapona.

Mama Beldina alipenga kamasi kwa kile kitambaa cha Muchiri.

"Leo ni siku gani?" aliuliza mwishowe.

"Jumapili, Mama," alisema Nangila.

"Na wazee wanakuja lini?"

"Jumamosi."

"Kwa hivyo refa hajarusha mpira."

"Bado, Mama."

Mama Beldina akasimama. Akaivua kofia, akaiweka kwenye benchi, akafungua mikono yake mirefu ya kudakia mpira.

"Kuja hapa," alimwambia Muchiri.

Akaenda. Safari hii hakukuwa na kunyanyuana wala kuzunguka. Walisimama tu, yule mama mwenye jezi iliyopauka na yule kijana mwenye shati lililoharibika, na upepo wa ziwa ukapeperusha karatasi za karanga miguuni mwao. Mama alimnong'oneza kitu sikioni. Nangila hakukisikia, na hata miaka mingi baadaye, kila alipomuuliza, Muchiri alitikisa kichwa tu. Waliokuwa wanakunja viti walipita wakawatazama, na mmoja akasema jamani Tai wameumiza watu leo.

Kisha mama akamwachia. Akamtazama usoni, macho kwa macho, kwa namna mtu anavyoitazama nyumba anayohama. Akachukua kofia yake akaivaa. Akageuka, akampa mgongo, na akajisogeza mbali naye hatua tatu za heshima.

"Nanyama niachieni mimi," alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kusikika na kocha. "Nampigia sasa hivi kabla hajapigiwa na hao watu wa picha. Akileta maneno nitamuuliza kama Jumapili imekuwa Jumamosi. Nangila!"

"Naam, Mama."

"Mwambie mkwe wangu huko Muhoroni kuna matope wakati huu. Wazee wake wavae viatu vya maana."

Muchiri alikuwa karibu kiasi cha kusikia hata pumzi yake. Akafungua mdomo kujibu. Nangila akauweka haraka mkono wake kwenye midomo ya Muchiri.

"Amesikia, Mama."

"Nani amekuuliza kama amesikia? Nimesema mwambie."

Nangila akamgeukia Muchiri. Macho ya Muchiri yalikuwa yamejaa machozi, na yake pia, na hakuna aliyejaribu kuyapanguza.

"Mama mkwe wako," alisema, na ilibidi aanze upya. "Mama mkwe wako anasema mvae viatu vya maana."